Mifupa ya Sultani

Jumatatu, 3 Februari
Orodha imebandikwa. Wachezaji kumi na wawili wa voliboli, wenye umri chini ya miaka kumi na saba, wanakwenda Kigali. Mimi ni wa kumi na tatu! Si kwamba naipenda voliboli. Mpira hunipiga usoni. Ila Mwalimu Karangwa ameahidi kuwapitisha kwenye maktaba kubwa, ya ghorofa. Wa kumi na mbili ni Sultani, mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe. Hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Na ana masharubu!

Jumatano, 5 Februari
Biolojia imeniokoa. Mifupa ya anayekua ina gegedu, sehemu laini isiyo mfupa bado, karibu na ncha. Kwenye picha ya eksirei ya mkono huonekana kama mistari myeusi. Ukimaliza kukua, mistari huziba. Mkono haudanganyi! Nimemwandikia Mwalimu barua isiyo na jina: kuna watu wazima timuni, wapigwe picha. Nimeweka marejeo, na namba za kurasa.

Alhamisi, 6 Februari
Mwalimu ameisoma barua mbele ya shule nzima. Alipofika kwenye namba za kurasa, wote waligeuka kunitazama. Nikatazama viatu vyangu. Sultani akauliza kwa sauti: "Weye Profesa, mifupa yangu ilikufanya nini?"
Hata hivyo, ushindi! Watapigwa picha wote, pamoja na wa akiba. Wa akiba ni mimi. Sina wasiwasi. Cheti changu kinasema miaka kumi na sita.

Jumanne, 11 Februari
Zahanati, Kamembe. Kila mmoja alilaza mkono wa kushoto chini ya mashine. Daktari Uwera aliinua picha ya Sultani: mistari wazi kabisa, kijana bado anakua. Masharubu ni ya ukoo. Kisha yangu. Yote imeziba! Akasema umri wangu haupungui kumi na minane. Akaongeza kwamba sitarefuka tena. Hilo sikumuuliza.
Nilimkimbilia Maman na picha. Alicheka hadi akakaa chini. Kumbe tulipovuka mpaka kutoka Bukavu, afisa wa kuandikisha aliuliza miaka yangu. Nilikuwa na minane. Maman akasema mitano. "Ningesema nini? Ulikuwa unaenea ku beseni! Na shule ilitaka batoto badogo."

Ijumaa, 14 Februari
Nimeondolewa hata kwenye akiba. Sultani ananiita Mzee na kunipisha kwenye benchi.
Nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nilihangaika na vijana bure! Timu lazima isindikizwe na mtu mzima, na mimi ni mtu mzima, ushahidi ninao. Kikwazo ni kimoja: nafasi hiyo amepewa Mzee Munyemana, mlinzi wa shule. Leo nimemwona akiinama kuokota funguo. Polepole mno. Kitabu kinasema uti wa mgongo wa wazee hubonyea, wakafupika.
Nimeandika barua, bila jina. Mgongo wake upigwe picha kabla ya safari.