Meli ya Magurudumu na Chumba cha Uani

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu ametoa hukumu. Mama yake anahamia kwetu, atalala chumba cha uani. Karakana yangu! Nilibembeleza, nusura nilie. Akasema haya: Jumapili kuna mashindano ya meli ndogo bwawani. Meli yangu ikivuka, chumba kinabaki changu. Isipovuka, nisahau. Nikakubali kabla hajamaliza. Hajui ameolewa na mtaalamu. (Mwaka jana hauhesabiki. Ulikuwa upepo.)

Jumanne, 4 Juni
Meli yangu ya zamani ilisukumwa na rafadha, ile pangaboi ya nyuma, kama meli ya mtu yeyote. Nimeing'oa! Sasa ina magurudumu mawili ya makasia, moja kila ubavu, na boila ya mvuke katikati. Wengine hutumia kopo. Mimi nimetumia shaba nene. Uzuri wake unanitisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Jirani yangu daktari wa meno, bingwa wetu, amekuja kuchungulia bila kualikwa. Akaiweka meli kwenye beseni, akaguna. Akasema, kwa ile sauti yake ya kumtuliza mgonjwa, kwamba makasia yanatakiwa kuchota maji juu juu tu. Yakizama mpaka ekseli, yatakoroga na meli haitakwenda. Nipunguze uzito. Wivu mtupu! Meli yake ni ya makopo ya maziwa. Nilimshukuru meno yote nje. Alipotoka tu, nikaongeza bomba la pili la moshi.

Alhamisi, 6 Juni
Mabomba mawili yanaiyumbisha. Imebidi niweke uzito chini ili itulie. Mke wangu anatafuta jiwe la mizani la nusu kilo. Nimemsaidia kulitafuta kwa bidii sana.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempelekea daktari zawadi: nanga ya shaba, nzito kweli kweli, aitundike kwenye meli yake. Ujanja wangu huu! Akashukuru, akaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Mtu huyu hana shukrani.

Jumapili, 9 Juni
Moshi ulitoka mabomba yote mawili. Filimbi ililia. Watu wakapiga makofi! Magurudumu yakazunguka kwa nguvu, yamezama mpaka ekseli, yakatengeneza povu la kufulia nguo za mtaa mzima. Meli haikusogea hata shibiri. Kisha ikaanza kushuka, taratibu, filimbi ikiendelea kulia mpaka maji yalipoinyamazisha. Ya daktari ilikuwa imeshavuka na kurudi. Akakunja suruali, akaingia bwawani, akaniopolea yangu. Heri angeiacha! Alipoiinua, jiwe la mizani likaanguka miguuni mwa mke wangu. Akaliokota, akalitia mkobani. Mama mkwe aliuliza, kwa upole kabisa, kama kitanda chake kitakaa upande wa dirisha. Niliumia jamani.

Jumatatu, 10 Juni
Mama mkwe kahamia. Karakana sasa iko chini ya meza ya jikoni. Nimeketi humo, magoti kidevuni, nikachunguza chanzo cha ajali. Kiko wazi! Magurudumu yalikuwa ya mbao. Mepesi mno, hayana ubavu wa kusukuma maji. Nahitaji chuma.

Mama mkwe amekuja na cherehani yake ya mkono. Ina gurudumu la chuma, zito, halina kombo. Nimeshalipima akiwa anaoga. Kesho asubuhi hatakuwepo, jino linamsumbua. Nimemsifia daktari wetu mpaka akakubali kwenda.