Daktari wa Magoti wa Santa Rita

Jumapili moja asubuhi Eliécer Pomares alikuwa amekaa kwenye duka letu la mikate hapa Santa Rita, katika milima ya Kolombia, akidumbukiza vipande vya jibini ndani ya chokoleti ya moto kama alivyoona wenyeji wakifanya, ndipo wakaingia wanaume kumi na mmoja waliovaa nguo za kubana zenye rangi za kasuku. Nje walikuwa wameegesha baiskeli ambazo bei ya moja ingenunua ng'ombe watatu na ndama. Hawakukaa kama watu wanavyokaa. Waliteremka vitini polepole, wameshikilia meza, wakiguna, na magoti yao yalilia kama milango ya kanisa.

Eliécer aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa pwani, wa kule kwenye joto, na riziki yake aliipata kwa kuuza magodoro ya sumaku, maji ya kuotesha nywele, na viwanja ambavyo mnunuzi angevifikia kwa kupiga mbizi. Magoti hakuwahi kuyauza. Lakini alipoona wenye mali kumi na mmoja wakiguna kwa pamoja, aliguswa moyoni, kama mtakatifu anavyoguswa na maskini.

"Mabwana," alisema, akisimama, "ninyi mnateseka bure. Mimi ni daktari wa magoti. Nimesomea Ufini."

"Ufini wanapanda baiskeli?" aliuliza Don Anselmo Pulido, mfanyabiashara wa viazi na mwenyekiti wa klabu yao ya Jumapili.

"Wanapanda juu ya barafu, mzee. Sasa fikiria magoti yao."

Walifikiria, na Don Anselmo akamvutia kiti.

Kilichohitajika sasa kilikuwa mgonjwa wa kuonyesha, na Eliécer hakwenda mbali. Aliyekuwa akiwapelekea vikombe alikuwa Yurani Chaparro, binti wa miaka ishirini na mbili, na alikuwa akichechemea mguu wa kulia. Eliécer alimtazama kwa heshima ya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Tumwonee huruma: katika shughuli zake zote, kila mchechemeaji aliyewahi kukutana naye alikuwa amelipwa.

"Binti," alimnong'oneza wale wengine walipoondoka, "unaweza kuchechemea hivyo kila siku?"

"Kila siku, mzee. Hata sikukuu."

"Umejifunzia wapi?"

"Mteremko wa Ventarrón."

Eliécer alicheka sana. Yurani hakucheka. Oktoba iliyopita alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye mteremko huo, katika mashindano, mbele ya nusu ya mji, na Januari hospitali ya serikali ilimpasua goti ikamshona vizuri kabisa. Kisha akaenda kuomba zamu ya mazoezi ya kuliamsha, ofisini wakampa tarehe ya Novemba. Timu ya baiskeli ya Bogotá iliyokuwa imemwita kumjaribu ingemwona Juni, na baada ya Juni isingemwita tena. Kwa hiyo Eliécer alipoeleza kwamba anatafuta mtu wa kujifanya mlemavu, kisha ajifanye amepona, na kwamba angemlipa kwa kazi hiyo, Yurani alielewa kabla hajamaliza kufuta meza.

"Kuchechemea si kazi," alisema. "Kazi ni kupona."

"Kupona kuna ugumu gani? Unaamka, unatupa fimbo, unalia, unanibusu mikono."

"Mzee wangu, hapa ni Boyacá. Watu wa hapa wamejua baiskeli kabla ya kujua kutembea. Nikipona kwa siku moja watakupiga mawe. Lazima wanione nikipona kidogo kidogo. Wiki kumi na mbili."

"Kumi na mbili!"

"Na lazima nifundishwe na anayejua waliopona wanavyopona. Yuko mama mmoja mjini Tunja, Doña Amparo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jumanne na Ijumaa. Nitahitaji mipira ya kuvuta kwa miguu, barafu, na ile baiskeli inayozunguka pale pale isiende popote."

"Yote hayo kwa ajili ya kudanganya?"

"Unataka udanganyifu wa bei rahisi?"

Hapo Yurani alimpata. Eliécer alikuwa na fahari ya kazi yake, akatoa pesa.

Wale kumi na mmoja hawakutoa. Watu wanaopima viazi hawalipi kabla ya kuona mzani. Doña Herminda, mwenye ofisi ya kuthibitisha hati, aliandika mkataba kwa mkono wake mwenyewe: klabu italipia Kituo cha Magoti cha Kifini ambacho daktari ameahidi kuwafungulia, fedha zote kwa mkupuo, siku ambayo Yurani Chaparro, mgonjwa wa goti, atapanda kwa baiskeli mlima wa Alto del Ventarrón akiwa amepona kwa tiba ya daktari Pomares. Muhuri ukapigwa. Eliécer alishangaa jinsi walivyoamini upesi kwamba binti ni mgonjwa. Alidhani ni ufasaha wake.

Basi tiba ikaanza. Ili klabu isichoke kusubiri, daktari aliwapa nao mazoezi. Alikuwa akichukua karatasi alizoletewa na Yurani kutoka kwa Doña Amparo, anazichanganya ili zionekane ni zake, kisha anawasimamisha mabwana uwanjani mbele ya kanisa kwa mguu mmoja, wamevaa mablanketi yao ya sufu, macho wamefumba. Siku moja Don Anselmo alichuchumaa akashindwa kuinuka. Wapagazi wawili wa sokoni walimbeba vile vile alivyokunjamana hadi nyumbani kwake.

"Hiyo ni dalili nzuri," daktari aliwaambia. "Goti limeanza kusikiliza."

Yurani naye alifanya yaliyokuwa kwenye karatasi kwa mpangilio wake, neno kwa neno. Wiki ya kwanza alikuwa akilala chali na kukaza paja tu, mara mia, jasho likimtoka kwa kitu ambacho mtu mwingine asingejua hata kwamba kinatendeka. Wiki ya tano alipanda ngazi moja ya mlangoni mwa duka la mikate na kuishuka, akapanda na kuishuka. Wiki ya nane mguu wa kulia ulikuwa bado mwembamba kuliko wa kushoto, akakaa kwenye ngazi ile ile akalia, kisha akapanda tena. Sisi tuliokuwa tukinunua mikate tulijifanya tunachagua.

Eliécer alikuwa akimpongeza. "Mpaka machozi! Binti, wewe ungeuza viwanja vyangu vyote."

Kufikia wiki ya kumi alikuwa ameuza saa yake, halafu gari lake. Lakini aliona mavuno mbele, na alitembea kwa furaha.

Juni ikafika. Mji mzima ulipanda Ventarrón kwa malori na kwa miguu, maana kwetu mtu akipanda mlima kwa baiskeli hakuna anayebaki nyumbani. Kule juu kwenye upepo klabu ilisimama na bahasha yao nene, Doña Herminda na muhuri wake, na Eliécer ndani ya koti jeupe. Pembeni liliegeshwa gari la timu ya Bogotá. Eliécer alidhani ni watalii.

Yurani alitokea kwenye kona ya mwisho akiwa amesimama juu ya pedali. Hakuwa anachechemea hata kidogo. Nitasema wazi: nililia, na aliyekuwa karibu yangu alilia pia, naye huwa hanisalimii. Alivuka mstari, na Eliécer akafungua mikono ili ibusiwe.

Yurani alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa timu, mwanamke mwenye saa mbili mkononi, aliyetazama saa zote mbili kisha akampa kalamu atie sahihi.

"Hilo goti," mkurugenzi aliuliza, "nani amekutengenezea?"

"Doña Amparo, wa Tunja," Yurani alijibu. "Wiki kumi na mbili."

Eliécer angeweza kunyamaza. Bahasha ilikuwa hatua nne kutoka kwake. Lakini alikuwa ameuza gari kwa ajili ya onyesho hili, na sasa makofi yanapewa mwanamke wa Tunja. Damu ya msanii ikamchemka.

"Doña Amparo kitu gani!" alipayuka. "Huyu hakutengenezwa na mtu! Hajawahi kuumwa! Nilimkodi mimi, dukani, achechemee! Ni kazi yangu hii, yote, tangu mwanzo!"

Doña Herminda alivaa miwani.

"Daktari, rudia taratibu. Hakuwa mgonjwa?"

"Mzima kama chuma!"

"Mkataba unasema mgonjwa," alisema Doña Herminda, akiandika. "Asiyeumwa haponi. Na asiyepona halipiwi. Mashahidi wako mia tatu hivi." Akapiga muhuri. Don Anselmo alirudisha bahasha kifuani kwa mapenzi makubwa.

Yurani akainama, akateremsha soksi ndefu aliyoivaa miezi yote ile kwa ajili ya baridi ya kwetu. Kovu lilikuwa refu kama kidole, bado la rangi ya waridi.

Eliécer alilitazama kwa muda mrefu. "La lini hilo?" aliuliza, sauti imepungua.

"Januari, mzee. Nilikwambia ni mteremko wa Ventarrón." Kisha akasema, na hakuwa anamdhihaki: "Asante. Nisingepona bila wewe."

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa kweli," alisema Don Anselmo, "na umemponya kweli. Halafu umekana mwenyewe. Wiki kumi na mbili unatibu goti, kijana, hukuwahi kulitazama?"

Hakuna lori lililompa nafasi. Alishuka Ventarrón kwa miguu, kilomita kumi na nane za mteremko ndani ya viatu vya kuuzia magodoro, na alipofika chini magoti yake yote mawili yalikuwa yamevimba. Jumanne iliyofuata alionekana Tunja, amekaa kwenye benchi la Doña Amparo, akiguna. Alikuwa amelipa kamili kabla ya kuingia. Doña Amparo alimwambia akunje suruali kwanza, maana yeye hutazama goti kabla ya kulitibu.