Kiti cha Tegwen na Jiko Langu

Jumatatu, 28 Aprili
Binti yangu Tegwen anawania Kiti! Kiti chenyewe cha mwaloni, anachokalishwa mshairi bora wa tamasha la bonde letu hapa Wales, tarumbeta zikilia. Shule sikufika mbali, lakini tumbo langu limezaa mshairi. Na yeye mwenyewe sasa ana mimba ya miezi minane! Shairi hakuniruhusu kulisoma. Bahasha ameifunga, jina la bandia juu, kama ilivyo desturi. Kanituma niipeleke pamoja na fomu. Swali la nne: umezaliwa wapi? Kajibu: Uingereza. Tena kaambatisha barua ya kuiomba kamati ilegeze sharti la kuzaliwa bondeni. Jamani! Ni kweli hospitali ya karibu iko ng'ambo ya mpaka, upande wa Waingereza. Lakini miaka ishirini na sita nimewaambia majirani alizaliwa nyumbani! Barua nikaitia motoni. Nikachukua fomu mpya. Nikaandika: jikoni kwetu.

Jumatano, 30 Aprili
Katibu wa kamati ni Morfudd, mkunga mstaafu, mtu wa Kaskazini. Kahamia kwetu juzi tu, miaka kumi, na bado hutuita sisi wa mpakani Wawelisi wa nusu bei. Kanibana dukani. Eti nani alikata kitovu? Nikasema mume wangu, Idwal. Akacheka mpaka akashika rafu ya mikate. Eti Idwal huyu huyu anayezimia kondoo akizaa? Nikamwambia ndiyo sababu huzimia. Hukumbuka. Nikatoka kifua mbele. Mkate nikausahau.

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Morfudd kaleta mpiga picha wa gazeti la kijiji. Wanataka kupiga picha jiko la mshairi! Nikapiga deki mara mbili. Nikatandika blanketi kuukuu kando ya jiko, nikakata mkate wa zabibu. Morfudd akauliza kichwa kilielekea wapi. Nikasema Wales! Hapo Idwal akaingia, akaliona blanketi, akauliza nani amezaa. Nikamkanyaga mguu. Morfudd akatafuna mkate wangu polepole.

Jumamosi, 10 Mei
Jaji akatangaza: mshindi ni Mbayuwayu, na asimame. Tarumbeta. Akasimama Tegwen wangu, tumbo mbele! Nikalia kwa sauti. Nikamwambia kila aliyekaa karibu, huyo ni wangu.

Kisha jaji akasoma beti za mwanzo. Mama yumo ndani ya gari, uchungu umemshika. Anaushika usukani, anamsihi mumewe ageuze kabla ya mpaka, mtoto asizaliwe ng'ambo.

Vichwa vikanigeukia, kimoja kimoja.

Morfudd akaja na fomu. Akasema sharti la kuzaliwa bondeni walishalifuta tangu Januari, maana nusu ya watoto wetu huzaliwa huko huko. Swali la nne ni la kumbukumbu tu. Lakini fomu ya uongo hawapokei. Tegwen akaniuliza barua yake iko wapi. Nikasema: motoni.

Kiti kikabaki kitupu, taa zote zikikimulika.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikwenda. Nitaketi wapi? Tegwen alikuja. Laiti angefoka! Akaketi tu. Akasema shairi lile aliniandikia mimi. Kwamba tangu baba yake amsimulie safari ile, hajaona Mwelisi wa kunishinda. Akaosha kikombe chake, akaondoka. Nimelia juu ya blanketi lile lile.

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwenda kwa Tegwen, nimeomba radhi. Nimekwenda mpaka kwa Morfudd! Akanimiminia chai, akasema yote hutokea. Nimeapa mbele yao: sitasema uongo tena kuhusu mahali alipozaliwa mtu.

Wala haitahitajika. Shuka nimeshafua. Jiko linang'aa. Idwal ndiye atakayempeleka Tegwen hospitali siku ikifika, na tangu asubuhi anazunguka nyumba nzima akitafuta funguo za gari. Ananiuliza kama nimeziona.

Ziko ndani ya kopo la unga.