Kamati Kuu ya Bahati ya Iteka

Kwa furaha kubwa, na kwa unyenyekevu usiozidi kipimo, Kamati Kuu ya Mapokezi, Usimamizi na Uelekezaji wa Bahati za Mabinti inawatangazia wanajumuiya wote wa Durban, kuanzia Umbilo hadi Queensburgh, pamoja na ndugu zetu wa Jacobs ambao mkutano uliopita walichelewa lakini hatutaji mtu, kwamba Jumamosi hii Amerika inakuja.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo kwenye kundi la WhatsApp, chini ya picha ya bendera mbili na njiwa. Aliyeliandika ni Papa Zénon, Rais wa Kamati, Mkongo mwenye duka la simu kwenye Umbilo Road, mtu ambaye hajawahi kuona watu watatu wamesimama pamoja bila kuwatafutia mwenyekiti. Kwa kawaida mwenyekiti alipatikana haraka, maana alikuwa hapo hapo.

Amerika yenyewe ilikuwa mama mmoja. Aliitwa Kocha Haskell, alifundisha lakrosi ya wasichana katika chuo kimoja cha Ohio, na alikuwa Afrika Kusini kwa shughuli nyingine kabisa. Aliona video ya klabu ya mabinti wa Umbilo, akaandika kwamba angependa kupita Jumamosi mchana, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, amwone mchezaji mmoja akicheza. Akimpenda, chuo kitamsomesha bure mpaka amalize. Mchezaji huyo ni Iteka.

Lakrosi, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kukimbia na fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha. Ndani ya kikapu mna mpira mdogo mgumu, nawe unaubembeleza usidondoke huku wenzako wanataka kukunyang'anya. Fimbo zililetwa na wazungu wa kujitolea kanisani; wao wakarudi kwao, fimbo zikabaki stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Blandina, Mtanzania aliyekuja Durban kusoma, ndiye aliyezifuta vumbi akaanza kuwafundisha wasichana kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya kanisa.

Iteka alikuwa na miaka kumi na saba, binti pekee wa Mama Irakoze, Mrundi anayesuka nywele saluni. Alikuwa na mbio, alikuwa na akili, na shuleni alipasi vizuri. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo, jambo ambalo mama yake alilikubali bila kulielewa, maana alidhani ng'ombe hujitibu. Ila ada ya chuo haikuwepo, mfadhili hakuwepo, na karatasi za ukimbizi kila ofisi ilizitazama kama samaki wa juzi. Njia ya Ohio ilikuwa ndiyo hiyo moja, na ingepita Umbilo mchana mmoja tu. Hilo kila mtu alilijua, hata Kamati.

Mtu wa kawaida angesema basi, mtoto acheze, kocha atazame, yaishe. Lakini hiyo ndiyo sababu watu wa kawaida hawapewi kamati.

"Tusikilizane bien," Papa Zénon aliwaambia wajumbe, wote wamevaa suti, kwenye chumba cha nyuma cha duka lake. "Mugeni anatoka kwabo mbali. Anakuya kwa familia. Anasema, iko binti moya hapa, nimesikia sifa yake, nataka kumubeba kwangu. Hiyo kwetu tunaiita nini?"

"Dot, mahari," akajibu Hardy, mkuu wa protokali.

"Voilà."

Na hapo mambo yakawa wazi kama mchana. Papa Zénon alikuwa amesimamia mahari za nusu ya mabinti wa jumuiya, na hakuna familia iliyowahi kudharauliwa mbele yake. Sheria alizijua. Binti haonekani hovyo. Mgeni hazungumzi na binti, huzungumza na msemaji wa familia. Kisha huletwa kwanza wasichana wengine, wamefunikwa vitenge gubigubi, mgeni aulizwe kama ndiye huyo, akatae, watu wacheke, aulizwe tena. Akishahangaika vya kutosha hadi ajue thamani ya anachokitafuta, ndipo mwenyewe hutolewa.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alimalizia. "Iteka haitembezwi."

Blandina, aliyealikwa kikaoni kama mtaalamu bila haki ya kupiga kura, akanyoosha mkono. "Shikamoo mzee, samahani. Yule anakuja kuangalia mpira. Asipomwona akicheza, atamchukuaje?"

"Marahaba, binti yangu." Papa Zénon alimtazama kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "We umeona wapi bibi-arusi anapikia bakwe zake mbele ya dot?"

Wajumbe wakapiga makofi. Hoja ya Blandina ikaingizwa kwenye Mengineyo, na Mengineyo, kama ilivyo desturi ya Kamati, yakaahirishwa.

Mama Irakoze hakualikwa. Ilionekana kwamba, akiwa mzazi, angeweza kuwa na upendeleo.

Jumamosi ikafika. Kiwanja kilikuwa na mahema mawili, meza kuu yenye maua ya plastiki, maikrofoni, na spika zilizosikika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa. Wajumbe walivaa beji. Wasichana wa Queensburgh, walioletwa kwa teksi kuja kucheza mechi, walikuwa wamepasha viungo moto hadi vikapoa. Iteka alikuwa amefungiwa chumba cha kubadilishia nguo, kitenge kichwani, fimbo mapajani, shangazi wawili wa Kamati wakilinda mlango.

Kocha Haskell alifika saa nane kamili kama alivyosema, jambo ambalo Hardy alilichukulia kama shambulio. Alikuwa mama mrefu wa kaptula na kofia, akaelekea moja kwa moja ukingoni mwa nyasi. Protokali ikamrudisha. Akatoka tena, ikamrudisha tena, safari hii na soda.

Mkalimani wa Kamati alikuwa Carmel, binti wa Papa Zénon mwenyewe, ambaye naye alichezea klabu kwa sababu baba yake alitaka na alikosa mipira kwa sababu macho yake yalikuwa mahali pengine. Kiingereza chake kilikuwa safi.

Papa Zénon akafungua hotuba. Alianzia Mto Kongo, akapanda milima, akagusa urafiki wa mabara na nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya fimbo. Kila alipovuta pumzi Carmel alitafsiri.

"Anasema karibu," Carmel alimwambia kocha kwa Kiingereza. Baada ya sehemu ya pili akasema, "Bado anasema karibu."

Kocha akatazama saa. Saa kumi ilimlazimu awe njiani kwenda uwanja wa ndege.

Vigelegele vikapigwa. Akina mama wakamleta msichana wa kwanza, amefunikwa kitenge cha tausi tangu utosini hadi viatuni, akijikwaa kila baada ya hatua mbili.

"Mugeni wetu wa heshima," Papa Zénon akanguruma kwenye spika, "ni huyu?"

Kocha akainuka nusu, uso umemjaa wasiwasi, akamwuliza Carmel jambo.

"Anauliza kama huyu ameumia," akasema Carmel.

Watu wakacheka sana. Shughuli ilikuwa inakwenda kama ilivyopangwa. Wa pili alikuwa Carmel mwenyewe, kwa vile alikuwa kwenye ratiba, hivyo tafsiri ikaendelea kutoka chini ya kitenge. Kocha sasa alikuwa anazungumza na nguo. Akasema, kwa adabu, kwamba hakuelewa, kwamba alikuwa na muda mdogo, na je, huyu baba mwenye maikrofoni ni nani hasa? Ni wakala wa mchezaji?

Kitenge kikageukia meza kuu. "Papa, anauliza kama we ni agent wa Iteka."

Papa Zénon alikuwa amelingoja swali hili maisha yake yote. Akarekebisha tai.

"Umwambie agent ni kidogo. Umwambie mi njo nasimamia huyu mutoto, mbele na nyuma. Anayemutaka anapita kwangu. Bila mi, hagusi hata fimbo."

"Papa, hilo neno kwabo si zuri..."

"Traduis."

Carmel akatafsiri. Kocha Haskell akamsikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari, akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema maneno machache na kuokota mkoba wake.

Carmel akajifunua kitenge. Sauti yake ilipita kwenye spika zote mbili. "Anasema sheria za michezo ya vyuo vyao zinakataza. Mchezaji mwenye wakala haruhusiwi kucheza. Anasema anasikitika sana, ila hawezi kumchukua Iteka."

Mlango wa chumba cha kubadilishia ukafunguka, shangazi hawakuthubutu kuuzuia, na Iteka akatoka na fimbo mkononi, kitenge kimemwangukia mabegani. Alikuwa amesikia; spika zilikuwa nzuri. Hakulia. Alitembea mpaka mbele ya meza kuu akamtazama Papa Zénon.

"Papa, nimekosa nini?" akauliza.

Papa Zénon akashika maikrofoni, akairudisha mezani. Mama Irakoze akainuka kutoka safu ya nyuma kabisa, alikokalishwa na protokali, mikono yake bado inanuka mafuta ya nywele.

"Uliniomba ruhusa lini?" alisema. Hakupaza sauti. "Mtoto huyu nimevuka naye mipaka mgongoni. Kila ofisi imenambia njoo kesho. Leo ndiyo ilikuwa kesho yenyewe, Zénon, na wewe umeikalia."

Watu walishusha macho. Kumwita Rais kwa jina tupu, mbele ya maikrofoni, hakujawahi kutokea tangu Kamati iundwe.

Kocha akamwuliza Carmel mama huyu amesema nini. Walinong'onezana. Carmel akarudi mezani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuifurahia kazi yake.

"Papa, anasema hivi. Kama hakuna mtu alikutuma, na kama hauna mamlaka yoyote juu ya Iteka, basi wakala hakuna. Lakini useme wewe mwenyewe. Atarekodi na simu, aonyeshe ofisi yao. Na haiko na muda."

Simu ikainuliwa. Kocha akauliza, Carmel akatafsiri.

"Jina?"

"Mheshimiwa Rais Zén..."

"Jina tu, Papa."

"Zénon."

"Cheo?"

Lilikuwa swali la kikatili. Papa Zénon alitazama maua ya plastiki, akatazama beji yake, akatazama umati aliouita mwenyewe kwa bendera mbili na njiwa. Ukweli ni kwamba alitaka mtoto aende. Moyoni kabisa alitaka. Alitaka tu ijulikane kwamba amepelekwa, na ni nani aliyempeleka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na aliona wazi kwamba asipoimeza yeye, atakayeibeba ni Iteka.

"Sina," akasema.

"Kuna mtu yeyote alikupa kazi ya kumsimamia mchezaji huyu?"

"Hapana."

"Umesaidia chochote kwenye mchezo wake?"

Hapa angeweza kuapa bila dhambi. "Hakuna. Hata ule mupira sijuake rangi yake."

"Na hawa baba wengine wenye suti? Kuna kamati?"

Papa Zénon akageuka. Hardy alikuwa ameshavua beji na alikuwa anaitafutia mfuko. Mhazini alikuwa anasoma chupa ya soda. Makamu wa Rais, mtu aliyepigania umakamu huo kwa kura za marudio, alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea watu wa Jacobs kama mtazamaji wa kawaida.

"Kamati haiko," akasema Papa Zénon. "Haiyakuwako. Sisi ni batu ya kupita tu."

"Sharp, imetosha," akasema Carmel, na Blandina hakungoja idhini ya mtu. Akapuliza filimbi.

Iteka alitupa kitenge kwenye nyasi akaingia. Mpira wa kwanza aliuokota chini akiwa mbioni, akaubembeleza kupita katikati ya wasichana wawili wa Queensburgh, akageuka, akaupiga golini kabla kipa hajanyanyua fimbo. Kocha Haskell hakuandika kitu. Alisogea mpaka akakanyaga mstari wa chaki, na safari hii hakuna aliyemrudisha. Mpira wa pili Iteka alimpa mwenzake afunge, na hapo ndipo kocha alipoandika.

Meza kuu ilikuwa tupu. Papa Zénon alikaa kwenye benchi la kawaida, kati ya mama mwenye maandazi na mtoto mwenye mafua, akaitazama lakrosi kwa mara ya kwanza. Kumbe mpira ulikuwa wa njano.

Saa kumi ilipita na kocha hakuondoka. Filimbi ya mwisho ilipolia aliwaita Iteka na mama yake kando, bila meza wala soda, wakazungumza Carmel akiwa katikati. Mama Irakoze alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akamkumbatia mtoto wake na jezi yake iliyolowa jasho, wote wawili wakalia, na watu wakaelewa bila tafsiri.

Shangwe ilikuwa kubwa. Ngoma ilitokea, sijui nani aliileta. Hardy, ambaye damu yake ilikuwa na protokali hata baada ya kujiuzulu, akajikuta ameshika maikrofoni.

"Wandugu! Wote benye walisaidia huyu mutoto kufika siku ya leo, tunaomba basimame, tubapigie makofi!"

Blandina akasimamishwa na wasichana wake. Mama Irakoze akasimama. Akasimama yule aliyekata nyasi, akasimama dereva wa teksi ya Queensburgh, hata mama wa maandazi akajifuta mikono akainuka, kwa kuwa Iteka alikuwa akila kwake kwa mkopo. Magoti ya Papa Zénon yakaanza kunyooka yenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, na kifua kikajaa hewa.

Carmel akamvuta koti kutoka nyuma.

"Papa, kaa. Simu ya kocha ingali inarekodi."

Papa Zénon akakaa. Mtoto mwenye mafua akamtazama, akaona hapigi makofi, akamwonyesha jinsi ya kupiga.