Kamanda wa Anga na Setilaiti ya Mafuriko

Jumatatu, 4 Mei

Mkuu wa kituo katangaza: Ijumaa anateuliwa kiongozi wa zamu. Wote wakageuka kumtazama Bi Taratibu. Kwa lipi? Eti anafunga droo kwa ufunguo hata akienda chooni! Setilaiti yetu ya kuchungulia mafuriko naijua mimi. Nimewaomba mara ngapi waniite Kamanda wa Anga? Hawataki. Wivu huo.

Bi Taratibu kahutubu tena: kompyuta inayotuma amri angani isiguswe na intaneti. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora. Modemu yangu ya kuiunganisha na intaneti iko nyuma ya kabati la nyaya mwezi mzima sasa. Setilaiti ikipita asubuhi, naiamuru nikiwa kitandani, shuka hadi kidevuni. Mke wangu anadhani nacheza gemu.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata wazo. Ah, kichwa hiki! Kesho ni zamu ya Bi Taratibu. Nitaingia kutokea nyumbani, nizime kamera ya setilaiti. Yeye ababaike. Mimi nitokee mlangoni, niiwashe, Mkuu aone nani ni nani. Hasara yake? Picha moja ya mto. Basi.

Mama kapiga simu. Anaishi ukingoni mwa mto huo huo. Mvua haikatiki. Kauliza mtambo wetu utawaambia lini wahame. Nikamwambia alale usingizi, mwanawe yupo kazini.

Jumatano, 6 Mei

Mungu wangu!

Kamera niliizima asubuhi, kama nilivyopanga. Nikakimbia kituoni, hotuba ya ushindi mdomoni. Nafika chumbani. Bi Taratibu kasimama, jasho linamtoka. Akasema kamera si kitu: kuna mtu kaigeuza setilaiti, imelipa jua kisogo. Haichaji. Betri inashuka.

Si mimi! Haki ya Mungu si mimi! Kuna mdukuzi kapitia mlango wangu wa modemu. Nywila ya modemu? Ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nani ana muda wa kubadilisha? Kabla hatujaituma amri ya kuirudisha, setilaiti ikazama upande wa pili wa dunia. Haitusikii tena mpaka alasiri. Betri ikifa kabla ya hapo, ndiyo kwaheri ya milele.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Lengo: kuing'oa modemu kimyakimya. Wapi! Bi Taratibu kaweka kiti chake mbele ya kabati lile lile.

Mama tena. Maji yamefika banda la kuku. Ahame au akae? Sina picha ya mto. Picha nimeizima mwenyewe. Nikamwambia hama, mama, hama sasa hivi, acha hata sufuria. Sauti ilinitetemeka. Kauliza kama nina mafua.

Alasiri

Bi Taratibu kaamuru kila waya ufuatwe kwa mkono. Mkuu katoa simu yake kutafuta mtandao wa Wi-Fi wa kigeni humo chumbani. Akakuta mmoja, una nguvu kweli kweli. Akasoma jina lake kwa sauti: Kamanda wa Anga.

Wote wakanigeukia. Hatimaye wameniita.

Bi Taratibu akaing'oa modemu. Setilaiti ikachomoza. Amri ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Niliogopa, sikufichi. Nikajikuta nimemshika Bi Taratibu mkono. Hakuutoa. Ya tatu ikajibiwa! Betri ilikuwa inakata roho. Taratibu, taratibu, ikageuka juani.

Alhamisi, 7 Mei

Kamera imewashwa. Picha imekuja. Pale palipokuwa na nyumba ya mama ni maji matupu.

Mama yuko salama kwa dada, na kuku wake wote. Nililia mbele za watu. Nimeapa kubadilika. Wallahi.

Anamwambia kila mtu mwanawe ndiye aliyemwokoa. Sikumkatalia. Kwani nani alimwambia ahame?

Jumatatu, 11 Mei

Kiongozi wa zamu: Bi Taratibu. Mimi uchunguzi unaendelea, na wamenituma kibanda cha getini, mbali na kompyuta. Mkuu alitaka nifukuzwe leo leo. Nasikia Bi Taratibu ndiye aliyeniombea. Kanisalimia vizuri tu asubuhi. Kinaniuma hicho kuliko matusi.

Na geti lenyewe! Kila gari, inuka, toka mvuani, bonyeza swichi, rudi umelowa. Kamanda mzima!

Jumanne, 12 Mei

Swichi ina waya. Waya unapokea modemu. Nimenunua mpya mchana, sasa nafungua geti kwa simu, miguu juu ya meza.

Lakini mtu mzima harudii kosa. Safari hii mtandao sikuupa jina langu. Nimeuita Bi Taratibu. Nywila nimeiacha ile ya kiwandani. Nani atahangaika na geti?