Maelezo ya Pembeni kwenye Filamu ya Mjukuu

Jumatatu, 4 Machi
Kosa wanalofanya wengi ni kudhani filamu ya shule inahusu shule. Inahusu jamii. Panapothaminiwa utii, mwalimu wa filamu hushika fimbo. Panapothaminiwa pesa, huvaa viatu vilivyotoboka. Nilimfafanulia mjukuu wangu haya kwa saa nzima. Akaitikia ndiyo babu, macho kwenye simu. Anatengeneza filamu na wenzake wa chuo. Jumapili itaonyeshwa ukumbini, mtaa mzima utakuwepo. Nikasoma mswada. Mwalimu ana fimbo, anafoka, na ana kikohozi changu. Miaka thelathini na minne ya ualimu, nikumbukwe kwa kukohoa.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Nimejitolea kusahihisha lugha. Lugha tu, niliapa. Mke wangu akauliza tangu lini mimi nikakomea kwenye lugha. Nikampuuza. Fimbo nimeifuta, kikohozi pia. Pembeni nimeweka maelezo machache kwa wino mwekundu. Yamezidi mswada.

Jumatano, 6 Machi
Anayeigiza mwalimu ni kinyozi wetu. Nilimfundisha kugawanya, hajui hadi leo, na kichwa changu ni ushahidi. Leo alinishukuru, wembe shingoni pangu. Mjukuu huandika maneno ya kila mwigizaji kwa rangi yake, akasema kinyozi, na safari hii maneno yake yeye ni mengi ajabu. Nikauliza rangi yake ni ipi. Nyekundu, mwalimu.
Ameyakariri maelezo yangu yote ya pembeni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekimbilia kwa mjukuu. Nimechelewa, wamesharekodi. Nikamsihi afute. Akasema babu ndiye aliyemfundisha kwamba kazi ikishakusanywa haiguswi. Kweli, nilimfundisha. Uzembe wangu.

Jumapili, 10 Machi
Ukumbi ulijaa. Nilikaa karibu na mlango.
Msichana wa filamu anamwambia mwalimu anaacha shule, haelewi kitu. Kinyozi, kwa upole wa ajabu, akasoma maelezo yangu: sababu haitoshi, fafanua. Watu wakacheka. Msichana akafafanua: anaona aibu kusoma mbele ya wenzake. Kinyozi akamsikiliza mpaka mwisho. Hapo pembeni nilikuwa nimeandika, "Afadhali. Rudia kesho." Akala herufi moja. Akasema, "Afadhali. Rudi kesho."
Kicheko kikakatika. Msichana akafungua begi, akatoa kitabu, akakaa. Watu wakasimama kupiga makofi. Mama mmoja niliyemfundisha zamani akaniambia ndivyo nilivyokuwa hasa. Mke wangu alisema vumbi limemwingia jichoni. Mjukuu alinishika mkono hadi nyumbani.

Jumatatu, 11 Machi
Sikulala vizuri. Mtaa mzima sasa unaamini nilisema rudi. Mjukuu anasema mtaa wa pili nao unaitaka filamu, Jumamosi. Kwa hiyo upo muda wa kurekodi upya kipande kile, na mwalimu halisi ninapatikana.
Leo: nenda kwa kinyozi kabla hajapata mteja, umfundishe tofauti ya rudi na rudia.