Ombi la Kuondolewa Kwenye Timu kwa Kosa la Kufaulu

Edvina Rutashobya,
Kidato cha Tatu B,
Izigo, Muleba.

Kwa Mkuu wa Shule,
Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa, ambaye naomba asicheke.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, shikamoo.

Naandika kwa sababu nikisimama mbele yako sauti hunikimbia.

Kwanza nampongeza Mwalimu Datius, mwalimu wetu wa michezo, kwa semina ya siku mbili aliyohudhuria Bukoba. Amerudi na cheti, fimbo yenye sentimita, na kipimo cha miendo saba ambacho, alituambia, kinaonyesha viungo vya nani vinanyumbulika, vya nani viko imara, na nani ataumia kabla hajaumia. Kila mwendo una alama tatu. Asiyefikisha kumi na nne hachezi. Mimi, ambaye sijawahi kudaka mpira isipokuwa kwa uso, nimepata zote ishirini na moja. Kokwijuka, mchezaji wetu bora wa mpira wa pete, amepata kumi na mbili.

Kwa hiyo Jumamosi nitacheza nafasi yake mjini Bukoba, mbele ya walimu wa shule ya bweni wanaotafuta wasichana wawili wa kuwachukua. Kokwijuka ameisubiri siku hiyo tangu kidato cha kwanza. Mimi naisubiri kama mtu anavyosubiri kung'olewa jino.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuchuchumaa huku umeinua fimbo juu ya kichwa. Nilipata tatu. Namenya ndizi kwa kuchuchumaa tangu nina miaka sita. Kama huo ndio mpira wa pete, basi kila jiko kutoka Kanazi hadi Izigo lina timu ya taifa. Kokwijuka alipata moja kwa kuwa visigino vyake viliinuka. Huinuka pia anapodaka senene angani, na hakuna aliyewahi kumpunguzia alama.

2. Kukutanisha mikono mgongoni. Nilipata tatu, maana naona aibu kumwomba mtu anikune. Yeye, anayerusha mpira nusu ya uwanja, alipata moja. Katika miendo yote saba sikuona mpira.

3. Mwalimu alimpa mwenzetu Shadya kumi na mbili. Kiranja wa michezo, kwa karatasi ile ile, akampa kumi na sita. Kati ya vipimo hivyo Shadya alikunywa maji tu. Naomba maji hayo yapelekwe maabara.

4. Mimi husoma kila kilichobandikwa ukutani, hata karatasi ya kipimo, hivyo nikawaeleza wenzangu watatu anachotazama mpimaji. Kufikia jioni walipanda kutoka kumi na moja hadi kumi na saba. Kama magoti hujifunza haraka hivyo, naomba yatufanyie mtihani wa Fizikia.

5. Alama za bega hujumlishwa na za goti. Ni sawa na kujumlisha mvua ya Muleba na umri wa paroko, kisha kutangaza siku ya kuchuma kahawa.

6. Mwalimu alimuuliza kila mmoja kama anaumwa popote, maana maumivu ni sifuri papo hapo. Aliuliza tukiwa tumepiga magoti kumwamkia. Kwetu, mkubwa akikuuliza hali ukiwa magotini, jibu ni "nzuri", hata kama una malaria. Wasichana arobaini, nzuri arobaini.

7. Bibi yangu Joviana, aliyekuja kututembelea kutoka Kanazi, ana miaka sabini na moja. Nilimpima uani kwa mpini wa jembe. Alipata kumi na sita, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, nimefaulu kwenda wapi?"

Kwa mujibu wa kanuni, Bukoba, Jumamosi.

Nilipomweleza Mwalimu Datius haya kwa sauti ndogo, alisema, "Edvina, karatasi haina upendeleo." Ni kweli. Hata mbuzi wetu hana upendeleo, ila hatumpi mitihani asahihishe.

Naomba basi niondolewe na Kokwijuka arudishwe. Ikishindikana, bibi apewe jezi yangu. Na viranja wachaguliwe kwa kuchuchumaa, ili tuwe na haki shule nzima.

Wasalimie walimu wote, mpishi Audax aliyenikanda uso kwa maji baridi baada ya mazoezi, na Mwalimu Datius, ambaye namheshimu sana nikiwa mbali.

Ni mimi, mwenye viungo kamili na miwani iliyopasuka,
Edvina Rutashobya

Tanbihi: Jioni hii Kokwijuka alikuja kwetu kuisoma barua kabla sijaileta. Alipiga magoti kumwamkia bibi, akashindwa kuinuka mpaka aliposhika mlango. Bibi hakumuuliza hali. Alimuuliza, "Goti hilo linauma tangu lini?" Akajibu, "Tangu Pasaka, bibi." Siku ya kipimo aliniuliza kwa kunong'ona ajibu nini, na ni mimi niliyemwambia aseme nzuri.

Naomba barua hii isifanyiwe kazi, isipokuwa namba sita. Mwalimu amuulize tena, akiwa amekaa kwenye kiti. Jumamosi nitacheza. Ila wale walimu wa bweni waambiwe kwamba wanayemtafuta yuko kwenye benchi, amenyoosha mguu, na kwamba goti hupona.